Kovu Lenye Ndugu

Walipomaliza kumuosha mume wangu, kijana mmoja kati ya wale waliokuwa wakimmwagia maji alitoka chumbani, kikoi kimelowa mpaka magotini, akanikuta nimekaa mkekani na wanawake wenzangu. Aliinama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, lile kovu la mkononi kwa babu lilikuwa la nini? Refu vile, limezunguka mkono." Nikamjibu kama nilivyowajibu watu wote tangu ningali msichana: "Shoka. Alijikata akikata boriti visiwani, Maparoni." Kijana akasema, "Masikini babu," akarudi ndani kusaidia kumvisha sanda. Sefu akazikwa na jibu hilo.

Sasa niko eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya chumba chenye dirisha moja, ninaletewa uji asubuhi na wali mchana, na kila anayeniletea huacha na habari kidogo ya nje kabla hajabeba vyombo. Mtu aliyekaa eda hana kazi nyingine ila kusoma uradi na kukumbuka. Nilidhani nitakumbuka miaka yetu yote, maana ilikuwa mingi na mingine ilikuwa ya raha. Sivyo. Kila nikifumba macho narudi mwaka mmoja tu, mwaka wa vita vya maji, nilipokuwa sijafika miaka ishirini na mimi na Sefu tumeoana msimu mmoja tu wa mpunga. Nimeamua niuseme wote, na mahali penye aibu nisiparuke, kwa kuwa waliokuwa wakiujua wamekwisha na nimebaki peke yangu.

Tulikuwa tunakaa Ruaruke, nyumba ya vyumba viwili, fito na udongo, iliyogusana ubavu na nyumba ya Mbonde na mkewe Zaituni. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Mbonde akipiga chafya kwao, Sefu alimwombea rehema akiwa kwetu. Mbonde alikuwa mtu mpana, mpole, mvivu wa kukasirika, mwenye kupenda kuzungumzia mpunga kama wengine wanavyopenda kuzungumzia wanawake. Zaituni alikuwa shoga yangu. Tuliteka maji pamoja, tukatwanga pamoja, na binti yao Pili, aliyekuwa anaanza kukimbia vizuri, alikula popote sufuria ilipofunuliwa kwanza. Mwaka huo wanaume walikuwa wakipelekwa kwa zamu kulima pamba katika shamba la akida, na walipokuwa huko mpunga wao uliliwa na ndege na nguruwe. Ndipo habari za mganga wa Ngarambe na maji yake zikaingia masikioni. Sefu alikwenda kuyachukua pamoja na wenziwe. Mbonde hakwenda. "Mie sina ugomvi na risasi," alisema akicheka, "na sitaki zinijue jina."

Sefu alirudi Ngarambe ameshapakwa maji, akakaa siku tatu bila kunigusa kwa kuwa ndivyo walivyoagizwa, kisha wakaondoka wote pamoja usiku. Nilikaa siku ishirini na kitu bila neno. Akaja mchana wa jua kali, peke yake, akipita katikati ya mpunga badala ya njiani, mkono wa kushoto umefungwa kwa kipande cha kaniki. Nilimkalisha kitandani nikaifungua ile kaniki. Risasi ilikuwa imeingia mbele ya mkono, juu ya kiwiko, ikatokea nyuma bila kugusa mfupa.

"Na yale maji?" nilimuuliza.

Alitazama ukuta. "Maji yalikuwa maji," akasema.

Sikumuuliza tena. Nilimsafisha kwa maji ya chumvi, nikamweka asali, nikaanika vitambaa vyake chini ya kanga zangu ili mtu asione damu. Kwa watu tulisema ana homa. Kidonda kilifunga kwa muda wa palizi ya mpunga, lakini kilifunga vibaya. Kule mbele palitokea kivimbe kidogo, kigumu kama punje ya buni, na nyuma, mahali risasi ilipotokea, palipanda kovu pana, lenye kung'aa, lililokuwa likiendelea kukua hata baada ya kidonda kwisha. Liliwasha. Sefu alilikuna usingizini, na mchana hakutaka kulitazama. Mie nililitazama kwa ajili yake. Nilikuwa nikidhani, kwa ujinga wa umri ule, kwamba kidonda kikishafunga basi hatari imepita.

Askari walikuja mwezi uliofuata. Jumbe alituma mtu apite nyumba hata nyumba kuwaita wanawake wakapike kwa akida, na mimi na Zaituni tukapewa sufuria kubwa la wali, mbuzi wakiwa wameshachinjwa, mbuzi wa watu. Shaushi wao, yaani mkubwa wa askari wale, alikaa barazani juu ya kitanda cha kamba, mguu mmoja kauvua kiatu, akila na kuwafundisha askari wake vijana. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akisema kama mwalimu wa chuo cha Kurani anayewapenda wanafunzi wake, na maneno yake yalitufikia sisi jikoni kupitia makuti.

"Kovu la mkuki ni refu," alisema. "Kovu la jipu liko peke yake. Kovu la risasi lina ndugu yake upande wa pili. Ukiliona moja, mgeuze mtu, umtafute ndugu. Ukimpata, funga kamba."

Askari mmoja aliuliza, "Na wakijificha porini, shaushi?"

"Waache wajifiche. Njaa itawarudisha. Tutaanza Kibiti, halafu tutarudi huku. Hakuna haraka. Mtu hukimbia, kovu lake analo."

Zaituni alinigusa ubavuni kwa kiwiko, ameziba mdomo kwa upande wa kanga. Alikuwa akicheka. "Shoga, basi Mbonde wangu ana kovu lenye ndugu!" Na ni kweli. Katika mavuno yaliyotangulia Mbonde alitoka jipu kubwa la kwapa lililotoboka midomo miwili, mmoja mbele chini ya bega, mwingine nyuma. Mimi ndiye niliyelikamua. Tulikuwa juu ya dungu, pale tunapokaa kulinda mpunga, Zaituni amemshika mumewe kichwa, na Mbonde alilia kwa sauti iliyowafanya watu wa mabonde ya jirani wasimame wakidhani amekamatwa na mamba. Kijiji kizima kilimtania msimu mzima. "Nani asiyelijua jipu lile?" alisema Zaituni, na mimi nikacheka naye. Nakumbuka nilicheka. Mikono yangu ilikuwa imeshika ungo wa mchele na nilikuwa nikiupepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Nyumbani nilimweleza Sefu neno kwa neno. Tukaanza kulishughulikia kovu kama watu wanaoshughulikia moto kwenye paa. Nilimkanda kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni mpaka vidole vikafa ganzi. Nikapaka shubiri. Likalainika kidogo, likapungua kuwasha, lakini likabaki pale pale, mbele na nyuma, ndugu na nduguye. Sefu akasema tulichome kwa chuma, liwe kovu la moto. Alikwisha kuuweka ukingo wa jembe ndani ya makaa. Ila siku hiyo hiyo kisimani niliwasikia wanawake wawili wakizungumza habari za mtu wa kijiji cha mbele aliyechoma lake. Askari walimuuliza imekuwaje moto umchome mahali pawili, mbele na nyuma, katikati usimguse. Mwanamke aliyekuwa akisimulia alifanya tu ishara ya kamba shingoni, akajitwika mtungi wake. Nikarudi nikalitoa jembe motoni.

"Kuna bibi Maparoni," Sefu akasema. "Huwashona wakata mikoko wakijikata. Wanasema ukipona kwake, huoni alipopita."

Tuliaga kwamba tunakwenda visiwani kutafuta kazi ya boriti, jambo ambalo watu wengi walilifanya mpunga ukiwa mbaya. Zaituni alinifungia muhogo mkavu kwenye kitambaa. Aliutazama mkono wa Sefu, uliokuwa ndani ya kanzu katika joto lile, kisha akanitazama mimi.

Bi Tausi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, meno mekundu kwa tambuu. Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima kidogo cha matope makavu kilichozungukwa na mikoko pande zote, na ndani kulinuka moshi na magome ya mkandaa aliyoyalowanisha katika vyungu. Hakutuuliza tumetoka wapi wala risasi ilipigwa wapi. Alitupikia wali wa nazi na kaa, akamlazimisha Sefu ale mpaka sahani iwe nyeupe. "Mtu mwenye njaa haponi," alisema. Kisha akamvua kanzu, akayapapasa yale makovu kwa vidole gumba, mbele na nyuma, kwa muda mrefu, uso wake ameugeuzia mlangoni. Ndipo nilipotambua kwamba macho yake yote mawili yalikuwa na utando mweupe.

"Kovu halifutiki, mwanangu," aliniambia mimi, si Sefu. "Atakayekwambia analifuta anataka kuku wako. La mafuta ni la mtu mwenye subira ya miaka, nanyi hamnayo. La moto mnajua wenyewe. Lililobaki ni kulikata. Unatoa hiki kivimbe, unatoa na kile, unafungua ngozi kati yao kwa upande wa nje, unashona yote kuwa njia moja. Yanakuwa kovu moja refu, la shoka. Lakini kovu jipya hung'aa, na kulikongesha, lionekane la zamani, kunataka siku. Mna siku ngapi?"

"Hatujui," Sefu alijibu.

"Basi tusizipoteze. Ila mimi sioni. Atashona huyu."

Nilimwambia sijui. Akaniambia hakuna aliyezaliwa anajua. Kwa siku tatu nilishona maganda ya ndizi mbichi kwa sindano ya kofia na uzi wa pamba uliopakwa nta, naye akipitisha kidole juu ya kazi yangu na kunikaripia. Baada ya ndizi alinipa ngozi ya bata. "Usivute," alisema kila mara. "Ukivuta uzi, kovu litapanuka. Ukilegeza, litaacha mdomo wazi. Kingo mbili za ngozi zikutane kama watu wanaoamkiana, zisikabane." Nimeshona watu wengi tangu siku zile, na nasikia siku hizi hospitali za mjini huchukua ngozi ya paja wakaipanda usoni ikashika. Sina la kubisha. Lakini sijasikia fundisho la kushona lililo bora kuliko hilo la kipofu mmoja wa Maparoni.

Alichagua siku ya bamvua, saa za asubuhi, maji yanapokupwa mpaka mkondo wote unabaki matope na hakuna mtumbwi unaoweza kufika. Pande zote wakata mikoko walikuwa kazini, na mashoka yao yalipishana bila kukoma, ili mtu akipiga ukelele udhaniwe wa kuonyana mti unaanguka. Sefu alilala ubavu juu ya ngozi ya ng'ombe, kamba ya mtumbwi kati ya meno. Nilichemsha wembe na sindano katika maji ya chumvi. Bi Tausi akapaka mafuta ya karafuu, kisha akakaa kichwani kwa Sefu na kumshika mkono kwa nguvu nisiyoitegemea, kidole chake kikiniongoza pa kuanzia. Nilianza nyuma, kwenye lile kubwa. Nilikata kama umbo la jani, kulizunguka kovu, nikalinyanyua. Lilikuwa gumu kama gegedu, na chini yake nyama ilikuwa nyekundu, mbichi, ya mume wangu. Sikulia. Nilikuwa na hofu kubwa mno kuweza kulia. Nikaja mbele. Kisha nikaifungua njia ya katikati, kidogo tu, na damu ikawa nyingi kuliko alivyoniambia Bi Tausi itakuwa.

Nilikuwa nimefika nusu ya kushona nilipoona maji yanang'aa katikati ya mizizi ya mikoko. Bamvua hupwa sana na hujaa upesi. Niliharakisha, Bi Tausi akanipiga kibao mkononi. "Polepole." Haikupita muda tukasikia kafi likigonga ubavu wa mtumbwi, na sauti ya mwanamume ikaita hodi. Alikuwa mtumishi wa jumbe wa visiwa vile, mtu aliyetumwa kuandikisha wageni wote waliopo visiwani. Bi Tausi hakuinuka. Akamkaribisha.

Yule mtu alisimama mlangoni, akatazama damu kwenye ngozi ya ng'ombe, akatazama sindano vidoleni mwangu. "Kimetokea nini?"

"Shoka," Bi Tausi akasema. "Si unawaona vijana wa siku hizi? Wanakata boriti kama wanakata mkate."

"Wa wapi huyu?"

"Wa hapa hapa. Mwanangu wa kunyonya."

Mtumishi alisogea hatua moja. Alimtazama Sefu usoni, jasho linamtiririka na kamba mdomoni, na Sefu naye akamtazama. Sijui aliona nini. Akasema, "Mungu amponye," akarudi mtumbwini, na sisi tukabaki tukisikiliza kafi lake likienda, likasita kidogo mahali fulani nyuma ya mikoko, kisha likaendelea. Nilipotaka kuendelea kushona, sindano ilikuwa imeteleza na sikuiona. Tuliipata ndani ya nywele za Sefu.

Tulikaa Maparoni zaidi ya miezi miwili. Nyuzi nilizitoa siku ya kumi. Baada ya hapo nilimfunga kipande bapa cha gome juu ya kovu, kimekazwa kwa kitambaa ili lisivimbe tena, nikakifungua mara mbili kwa siku kumkanda mafuta. Rangi yake ilikuwa ya waridi, ikipiga kelele juu ya ngozi nyeusi, kwa hiyo Bi Tausi akatupatia maji mazito ya mkandaa, nikampaka na kumpaka mpaka ikawa ya kahawia. Sefu alikata boriti kwa mkono mmoja, baadaye kwa miwili, ili viganja vyake navyo vishuhudie. Hakuna mtumishi aliyerudi. Lakini kila siku nilisikiliza makafi, na kila jioni Sefu aliniuliza, "Limekuwaje?" nami nikamjibu limekuwa zuri, hata siku ambazo halikuwa.

Tulirudi Ruaruke kwa sababu jumbe alitangaza kwamba mtu asiyeonekana nyumbani kwake atahesabiwa mwasi, na jamaa zake watalipia. Siku ya nne baada ya kurudi, ngoma ya akida ilipigwa asubuhi. Wanaume wote uwanjani, mashati na kanzu chini. Wanawake jikoni, kama mara ya kwanza, sufuria lile lile, mimi na Zaituni, ila sasa jiko lilikuwa nje, hatua chache tu kutoka kwenye mstari.

Shaushi alikuwa yule yule. Alipita mtu kwa mtu na fimbo fupi, bila haraka, akiuliza habari ya kila alama: hili la nini, na hili. Alipomfikia Sefu akasimama. "Hili?"

"Shoka, bwana. Boriti, Maparoni."

Shaushi alilisugua kwa kidole gumba. Akakitazama kidole. Akalisugua tena. Akamwambia aonyeshe viganja. Askari kijana akamzungusha Sefu, akatazama mbele na nyuma, akasema, "Halina ndugu, shaushi." Wakampita. Nikashika mwiko kwa mikono miwili.

Mbonde alikuwa mtu wa tatu baada yake. Hata hakungoja kuulizwa. Aliinua mkono mwenyewe, anatabasamu. "Jipu, bwana shaushi. Jipu la mwaka jana."

Wakamgeuza. "Na hili la nyuma?"

"La jipu hilo hilo."

Askari wakaangua kicheko. "Jipu lililopita likatokea upande wa pili!" Shaushi hakucheka. Aligeuka akawatazama watu wote, wanaume mstarini na wanawake penye moto, akauliza kwa sauti ile ile ya mwalimu, "Nani aliliona jipu hilo? Mmoja tu aseme."

Zaituni akapiga ukelele, "Mie! Mie mkewe!"

"Mke simtaki. Mwingine."

Hakuna aliyesema. Jumbe alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Kijiji kilichomsikia mtu akilia msimu mzima kikawa hakijasikia kitu, na kila mmoja alikuwa na sababu yake, mwilini mwake au nyumbani mwake. Zaituni alinigeukia. Mie nilikuwa na mwiko. Nilijua kabisa neno la kusema, lilikuwa fupi: mimi ndiye niliyelikamua. Na nilijua kitakachofuata. Atauliza, wewe mke wa nani? Nitamwonyesha Sefu, na macho yale yatarudi kwenye ule mkono mara ya pili, kwenye kovu ambalo halijamaliza miezi mitatu, lililopakwa rangi ya magome. Niliinamisha kichwa nikageuza wali.

Walimfunga Mbonde. Tabasamu lake halikutoka upesi, alidhani ni jambo litakalosawazishwa. "Waambieni basi," alikuwa akisema, akitugeukia huku na huku. "Jamani, si mnajua? Waambieni." Walimpeleka bomani pamoja na wengine wawili, kwa njia ya bondeni. Hakurudi, na hatukuonyeshwa kaburi.

Jioni ile nyumbani mwetu hatukuwasha moto. Sefu alikaa kizingitini. "Ulimsikia?" akaniuliza. Nikasema nilimsikia. "Na mimi nilimsikia," akasema, na katika miaka yote tuliyokaa pamoja hatukulizungumza zaidi ya hapo. Lakini msimu uliofuata, na kila msimu baada yake mpaka Zaituni alipokufa, Sefu alilima kwanza bonde la Mbonde kabla ya kulima letu. Zaituni hakumwomba na hakumkataza. Alikuwa hanisalimii. Tuliteka maji kisima kimoja, saa tofauti, na kule upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya.

Ikaja njaa. Mashamba mengine yalichomwa na mengine hayakulimwa, watu wakaingia porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni. Siku moja mchana nilikuwa nasaga mtama kidogo tuliokuwa nao, mlango ukasukumwa bila hodi. Zaituni alisimama pale na Pili mgongoni, kanga imelowa damu. Mtu aliyekuwa akichimba karibu yao aliinua jembe bila kutazama nyuma, na likampata mtoto shavuni, kutoka chini ya jicho mpaka pembe ya mdomo. Ngozi ilikuwa imening'inia.

"Nimesikia umejifunza kushona," Zaituni alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ya uwanjani.

Nilichemsha maji. Alimlaza mtoto mapajani mwake, akamshika kichwa kama alivyokuwa akimshika mtu mwingine juu ya dungu. Nilisafisha, nikapaka mafuta ya karafuu, nikaanza juu karibu na jicho, mshono mdogo mdogo, sivuti, silegezi. Pili alilia, akachoka, akawa anahema tu. Nilikuwa nimefika katikati ya shavu Zaituni aliponena, macho yake yakiwa kwenye sindano.

"Siku ile mie nilikuwa na neno moja: mtazameni tena Sefu. Basi. Nilijua tangu alipokuja kapita kwenye mpunga mkono umefungwa, ukuta wetu ni mmoja. Labda wangemwachia Mbonde. Labda wangewachukua wote wawili, sijui. Neno lilifika hapa." Aligusa koo lake. "Nikalimeza. Nikasema, ngoja, Mwanahawa atasema. Nikakungoja. Walipokuwa wanamfunga nakungoja. Wanashuka bondeni bado nakungoja."

Mkono wangu ulisimama.

"Usisimame," akasema. "Mtoto anaumia. Shona."

Nikashona. Pembe ya mdomo ndiyo ngumu kuliko zote, ikikosewa mtu hucheka upande mmoja maisha yake yote, nikaifungua mara mbili na kuirudia mpaka iliponyooka. Nilipokata uzi wa mwisho Zaituni alimfuta mwanawe damu ya shingoni, akamfunga mgongoni, akainuka. Hakusema asante, wala hakunilaani. Mlangoni alisimama akiwa amenipa kisogo.

"Nyuzi zinatoka lini?"

"Usoni ni siku ya tano."

Siku ya tano alikuja.